Nimekosea Wapi? Fikara juu ya Akili Unde katika Kuajiri Walimu na Kupima Ujuzi

Katika masomo yote yanayofundishwa vyuoni mwetu, somo la upimaji ndilo ambalo wanachuo wengi hulipenda kidogo kuliko mengine. Hulihesabu kuwa ni somo la majedwali na asilimia, wakalisubiri liishe ili warudi kwenye kile wanachokiita kazi yenyewe ya kufundisha. Mimi nimelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sina budi kukiri kwamba sikulielewa sawasawa mpaka mwaka juzi, nilipolikosea hadharani. Makala haya ni maelezo ya kosa hilo. Nayaandika kwa ajili yenu, ndugu wanachuo, kwa sababu ninyi mtakaa pande zote mbili za meza: mtaomba kazi na huenda mkapimwa na mashine, na baadaye mtakuwa na mashine hizo hizo mikononi mwenu mkiwapima watoto wa watu.

Shule moja ya msingi ya binafsi iliniomba nikae katika kamati yake ya kuajiri walimu watatu. Tangazo la kazi lilikuwa limeleta barua 212. Mwenyekiti wa kamati alitueleza kwamba hatukuwa na haja ya kuhangaika na mafaili, kwani shule ilikuwa imenunua programu ya kompyuta inayotumia akili unde, ile ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba. Programu hiyo ingesoma barua na wasifu wa kila mwombaji na kumpa alama kati ya 0 na 100. Watu 15 wa juu wangeitwa kwenye usaili.

Orodha ilitoka kabla chai yetu haijapoa. Ilikuwa safi, imepangwa kwa safu, na kila jina lina alama yake. Tuliitazama, tukaisifu, tukatia sahihi. Mimi nilikuwa mtu wa tatu kutia sahihi. Katika barua 197 zilizoachwa sikusoma hata moja.

Majuma matatu baadaye alinijia chuoni mwalimu mmoja niliyewahi kumfundisha. Nilimkumbuka vema. Siku nilipokwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha nilimkuta katika darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 90, akifundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda alivyovifunga kumi kumi ndani ya vifuko. Watoto wa nyuma kabisa walikuwa wakifanya kazi sawa na wa mbele. Ni nadra kuona jambo hilo hata kwa mwalimu mkongwe.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

Tulijuliana hali, tukaulizana habari za nyumbani kama ilivyo desturi. Kisha akasema, "Nimesikia kwamba ulikuwamo katika kamati ya ile shule. Sikuja kuomba nafasi, maana najua zimekwisha kujazwa. Nimekuja kuuliza kama mwanafunzi wako: nimekosea wapi, ili nijirekebishe?"

Nilifungua kinywa, nikakosa la kusema. Sikujua hata kwamba alikuwa ameomba. Hapo nilikumbuka jambo ambalo mimi mwenyewe hulirudia kila mwaka mbele ya darasa: mwalimu akirudisha daftari, na mtoto akauliza, "Mwalimu, hapa nimekosa nini?", sharti mwalimu aweze kuweka kidole mahali penyewe. Nilikuwa nimetia sahihi yangu chini ya alama 197 ambazo nisingeweza kuonyesha mahali pake hata moja.

"Nipe juma moja," nilimwambia.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwungwana. Hakuchukizwa na maswali yangu, bali aliniruhusu kulichunguza jambo lile pamoja naye. Tulikuta kwamba mwalimu yule alikuwa amepewa alama 41. Tuliulizana zilivyopatikana, hakuna aliyejua. Tukawaandikia waliotuuzia programu. Walijibu kwamba programu ilikuwa imejifunza kutokana na barua za walimu ambao shule ile iliwaajiri katika miaka iliyotangulia, na kwamba kazi yake ni kutafuta waombaji wanaofanana nao.

Tunawafundisha watoto katika somo la Sayansi kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, badilisha kitu kimoja tu, na vingine uviache kama vilivyo. Tulifanya hivyo hivyo. Barua ya mwalimu yule ilikuwa imeeleza wazi kwamba kwa miaka miwili hakufundisha, kwa sababu alikuwa nyumbani akimuuguza mama yake. Tuliijaza miaka hiyo miwili kana kwamba alifundisha. Alama zikapanda kutoka 41 hadi 58. Tukairudisha barua katika hali yake ya kwanza, kisha tukaitafsiri kwa Kiingereza bila kubadili maana; alama zikawa 66. Tulipofanya yote mawili kwa pamoja zilifika 79, na mtu wa 15 katika orodha yetu alikuwa na 74. Ifahamike kwamba tangazo letu wenyewe liliruhusu barua za Kiswahili, na mojawapo ya nafasi zile tatu ilikuwa ya mwalimu wa Kiswahili.

Mwisho tulifanya jaribio moja zaidi. Katika barua ile ilikuwamo aya nzima iliyoeleza darasa la watoto 90 na namna vizibo vilivyotumika. Tuliifuta aya hiyo yote. Alama hazikubadilika. Maneno ambayo mimi ningempa kazi kwa ajili yake, mbele ya mashine hayakuwa na uzito wowote.

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Nilipoanza kusoma habari za mashine za kupimia nilitaka kujua zimeundwa na nani, na kwa fikira gani. Haikunishangaza kuona walimu katika chimbuko lake. Reynold Johnson, aliyekuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari katika jimbo la Michigan, Marekani, alibuni katika miaka ya 1930 mashine ya kutambua alama za penseli katika karatasi za majibu, kwa kuwa weusi wa penseli hupitisha umeme. Kampuni ya IBM iliitoa mashine hiyo kwa wateja mwaka 1938. Mashine hiyo ilikuwa mtumishi mwaminifu. Jibu sahihi lilikuwa limekwisha kuamuliwa na mtunga mtihani. Yenyewe ilihesabu tu.

Mwaka 1966 Ellis Page, naye pia aliyewahi kuwa mwalimu, alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kusahihisha insha. Kompyuta yake haikuelewa insha. Ilihesabu mambo yanayohesabika, kama vile urefu wa insha, urefu wa maneno na wingi wa mikato, kisha ikatafuta namna mambo hayo yanavyoandamana na alama zilizotolewa na wasahihishaji. Alama zake zilikaribiana na zile za watu. Lakini Page mwenyewe alitofautisha sifa tunayotaka kuipima na dalili inayoandamana nayo. Mtoto mwenye msamiati mpana aghalabu hutumia maneno marefu. Lakini haifuati kwamba kila atumiaye maneno marefu ana la kusema.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Umahiri wa kufundisha hauonekani katika karatasi. Zinazoonekana ni dalili zake. Kamati yetu ilitaka kupima umahiri, mashine ikapima dalili, nasi tukazisoma alama za dalili kana kwamba ni za umahiri. Katika lugha ya somo letu, alama zile zilikuwa na uthabiti bila uhalali. Barua ile ile ingepata 41 leo, kesho na mtondo. Lakini hiyo 41 haikuwa ya kitu tulichokusudia kukipima.

Wala si sisi peke yetu tuliojikwaa hapo. Mwaka 2014 kampuni ya Amazon ilianza kutengeneza programu ya kuwapanga waombaji wa kazi kwa nyota 1 hadi 5. Programu ilifunzwa kwa wasifu uliopokewa katika kipindi cha miaka 10, na mwingi wa wasifu huo ulikuwa wa wanaume. Kufikia mwaka 2015 ilibainika kwamba katika kazi za ufundi wa kompyuta haiwapimi wanawake kwa haki. Mtu aliyeandika kwamba alikuwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake alipunguziwa alama kwa neno hilo. Mpango huo uliachwa, na shirika la habari la Reuters lilitangaza habari zake mwezi Oktoba 2018. Hakuna aliyeiagiza mashine iwabague wanawake. Ilipewa mambo ya jana, ikaambiwa itafute ya kesho yafananayo nayo.

Mwaka 2020 mitihani ya mwisho ya sekondari ilifutwa nchini Uingereza kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19. Katika sehemu ya nchi hiyo iitwayo England, walimu walitakiwa wakadirie alama za wanafunzi wao na kuwapanga kwa ubora. Kisha Ofqual, chombo kinachosimamia mitihani huko, kilitumia kanuni ya hesabu iliyotazama, pamoja na mambo mengine, matokeo ya kila shule katika miaka iliyopita. Kanuni hiyo haikuwa akili unde kama hizi tunazozungumzia, bali hesabu za takwimu. Lakini funzo lake ni lile lile. Matokeo yalipotolewa tarehe 13 Agosti 2020, kiasi cha asilimia 39 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa. Kijana hodari katika shule ambayo haikuwahi kutoa mtu hodari alivutwa chini na watu ambao hakuwahi hata kukaa nao darasa moja. Wanafunzi waliandamana, na tarehe 17 Agosti uamuzi ulibadilishwa ili alama za walimu zitumike.

Naona kwamba msomaji atauliza: je, basi, tuzitupe mashine hizi? Sisemi hivyo, na nitaeleza kwa nini. Zamani nilipokuwa mkufunzi mpya, mwenzangu mmoja alichukua insha 10 nilizokwisha kuzisahihisha, akazinakili upya kwa mwandiko wake mmoja, akanirudishia baada ya mwezi bila kuniambia asili yake. Nilizisahihisha tena. Insha mbili zilizokuwa na mwandiko mbaya zilipanda, na moja niliyokuwa nimeisifu sana ikashuka hadi katikati. Nilikuwa nimewapa watu alama za mwandiko nikidhani ni alama za fikra. Kwa hiyo binadamu naye hufuata dalili, na huenda huzifuata kwa ukaidi zaidi, kwa kuwa huamini kwamba macho yake hayana upendeleo. Mashine ikitumiwa vema yaweza kutuonyesha mahali tulipoyumba: insha mbili zinazolingana tulizozipa alama mbalimbali, hesabu tulizojumlisha vibaya, swali la jaribio ambalo wanafunzi wote hodari wamelikosa. Haya ni mambo ya msaada mkubwa kwa mwalimu mwenye madaftari 90 mezani.

Ninalosema ni kwamba mashine isaidie kutazama, na mtu aamue na kuwajibika. Sheria nazo zimeanza kuelekea huko. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inampa mtu haki ya kutaka kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usitolewe kwa njia ya mashine peke yake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2024, umeziweka programu za kuajiri na za kupima wanafunzi katika kundi la zile zenye hatari kubwa. Na tangu tarehe 2 Februari 2025 sheria hiyo inakataza mashine za kukisia hisia za watu makazini na mashuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Lakini sheria haiingii darasani na mwalimu. Kwa hiyo nawapeni mazoea machache ambayo kosa langu limenifunza.

Kwanza, kabla ya kuifungua programu, andika kwa maneno yako mwenyewe unataka kupima nini. Kama ni uwezo wa kufundisha kusoma katika darasa la kwanza, andika hivyo, kisha ujiulize ni wapi uwezo huo hudhihirika. Utaona kwamba somo la mfano la dakika 20 mbele ya watoto hudhihirisha zaidi kuliko barua kumi.

Pili, sahihisha sampuli kwa mkono wako kabla ya kuziona alama za mashine. Ukiziona kwanza, utazifuata bila kujijua, kama wanafunzi wanavyofuata jibu la aliyetangulia kunyosha mkono. Mkitofautiana, usifanye haraka kujisahihisha wala kuisahihisha mashine. Rudi kwenye kazi yenyewe ya mwanafunzi.

Tatu, ijaribu mashine kwa kubadilisha kitu kimoja kimoja, kama tulivyofanya. Badilisha jina la mwandishi, au shule aliyotoka, au lugha. Alama zikisogea kwa jambo ambalo halihusiani na ujuzi, umekwisha kulijua kosa.

Nne, soma walioachwa. Kila kamati huwasoma wa juu, kwa kuwa ndio itakaokutana nao. Chukua angalau kumi kutoka chini, bila kuchagua, uwasome kwa makini. Makosa ya mashine hukaa huko, na hayana wa kuyasemea.

Tano, usidanganyike na maelezo mazuri. Programu za siku hizi huweza kuandika aya fasaha kueleza kwa nini zimetoa alama fulani. Aya hiyo nayo imetungwa na mashine. Haithibitishi kwamba ndivyo alama ilivyopatikana. Ushahidi ni ule unaoweza kuuonyesha katika kazi ya mwanafunzi.

Sita, mwambie unayempima kwamba mashine imetumika, na umwonyeshe mlango wa kukata rufaa kwa mtu. Na usiingize katika programu majina ya watoto wala habari za nyumbani kwao. Hayo ni amana.

Yule mwalimu alirudi baada ya juma moja kama tulivyoahidiana. Nilimpa barua niliyoiandika kwa mkono, inayoeleza mambo yote: alama 41, miaka miwili, Kiswahili, na aya ya vizibo. Nilimwomba radhi kwa sahihi yangu. Nafasi zilikuwa zimejazwa na walimu waliozipata bila hila yoyote, na haikuwezekana kuwaondoa. Kamati ilikuwa imekubali kwamba katika ajira itakayofuata kila barua itasomwa na watu wawili na wateule watafundisha somo la mfano. Lakini jambo hilo halikumpatia yeye kazi.

Aliisoma barua pole pole, akaikunja. "Ahsante, Mkufunzi," alisema. "Nilidhani kwamba ufundishaji wangu ndio mbaya. Kumbe hakuna aliyeuona."

Tangu siku hiyo kila mwanachuo katika somo langu hufanya zoezi moja, nami nawasihi wenzangu wa vyuo vingine walijaribu. Hupewa insha 10 za watoto wa darasa la tano pamoja na alama zilizotolewa na programu. Hachagui kukubali wala kukataa. Huandika, kwa kila insha, sentensi moja ambayo angemwambia mtoto mwenyewe akija mezani na daftari lake kuuliza amekosa nini. Wengi huandika sentensi tatu za kwanza kwa urahisi. Kufikia ya nne huanza kuzisoma upya insha zilizosalia, na hapo ndipo somo letu linapoanza.